Mlinzi wa Stoo ya Zege

Kasha lilikuwa tupu, lakini mfuniko wake ulikuwa umefungwa vizuri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Tadei Sulle kuliko ule utupu wenyewe.

Katika miaka ishirini na sita ya upelelezi alikuwa ameona kila namna ya wizi, kuanzia wa mbuzi hadi wa transfoma, na hajapata kukutana na mwizi anayefunga alipofungua. Mwizi hana muda huo. Huyu alizifungua bolti sita kwa spana, akatoa alichotoa, akazirudisha zote sita na kuzikaza. Akafuta hata tope juu ya mfuniko. Alama za kitambaa bado zilionekana.

Stoo yenyewe ilikuwa chumba kidogo cha zege, peke yake kwenye mbuga ya Yaeda Chini, saa moja na nusu ya barabara mbovu kutoka kituo cha polisi kilicho karibu. Kampuni iliyokuja kutafuta mafuta ardhini ndiyo iliyoijenga. Mafuta hayakupatikana, kampuni ikaondoka, stoo ikabaki. Katikati ya sakafu kulikuwa na shimo lililojengewa, na ndani ya shimo lile kasha la risasi, yale madini mazito, lenye uzito wa kilo tisini. Kwenye kuta kulikuwa na mstari wa tope usawa wa goti. Mvua za masika zilikuwa zimeingia humu na kukaa siku kadhaa.

Dokta Loveness, mtaalamu wa mionzi aliyetumwa kutoka Arusha, alishuka shimoni na kipimo chake, akakisogeza huku na huku, akapanda tena. Hakikusoma kitu.

Tadei alimwomba amweleze tena kilichokuwa humo, polepole, kama anavyomweleza mtu aliyepata sifuri ya fizikia, kwa sababu ndiye huyo. Loveness akamweleza. Ni kichuma cheupe kinachong'aa, kisichoshika kutu, ukubwa wa kidole gumba, chenye tundu upande mmoja. Walikifunga kwenye mtambo wakakishusha kwenye kisima cha kuchimbia ili kiwasomee mawe ya chini. Ndani yake kuna sesiamu, inayotoa mionzi. Kikiwa kashani unaweza kulala juu ya kasha ukaota ndoto nzuri. Kikiwa nje, usikae nacho chumba kimoja.

"Kwa muda gani?" Tadei aliuliza.

"Nguvu yake inapungua nusu kila miaka thelathini. Kampuni iliandika kwenye fomu kwamba ni hifadhi ya muda, miezi sita. Hii miezi sita ina miaka kumi na mbili sasa." Akakung'uta tope kwenye magoti. "Chuma kinavumilia, Inspekta. Risasi inavumilia, zege linavumilia. Wanaochoka ni watu. Wanahama, wanabadilisha namba za simu."

Wala wasingefika hapo kama si daktari mmoja kijana wa hospitali ya Mbulu. Mwezi wa tano alimpokea mwanaume mwenye kidonda kifuani, upande wa kushoto, kilichofanana na cha moto, naye akakana kabisa kwamba ameungua. Nywele zilikuwa zinamtoka kwa kushikwa tu. Akafa tarehe tisa. Wiki iliyopita daktari yule alikuwa kwenye semina Arusha, ikaonyeshwa ukutani picha ya jeraha la mionzi, akanyoosha mkono katikati ya somo na kusema kifua kile anakifahamu. Kadi ya mgonjwa iliandikwa Patriki, mlinzi, Yaeda Chini. Hakuna zaidi.

Kwa Tadei mambo yalikuwa wazi. Mlinzi kaiba, kaungua, kafa. Kilichobaki ni kujua alimuuzia nani, kabla aliyenunua hajafa naye.

Nje, juu ya mlango, kulikuwa na kibao cha njano chenye alama ya mapanga matatu kama ya feni na maneno ya Kiingereza yaliyopaushwa na jua. Tadei alimuuliza Loveness kama hapakuwahi kuwekwa maneno ya Kiswahili. Hapakuwahi. Akarudi ndani, akaangaza kuta mara ya mwisho. Karibu na mlango kulikuwa na msumari, na chini ya msumari alama ya mstatili iliyo safi kuliko ukuta mwingine. Kitu kilining'inia pale miaka mingi, ukubwa wa daftari. Akaandika: *Daftari halipo.*

*

Mtu wa kwanza kumshuku alikuwa mfua chuma. Ukipotelewa na kichuma kinachong'aa, unamwendea anayeyeyusha vyuma.

Mzee Gidamis, Mdatoga, alikuwa na kiriba cha kuvuvia moto na tanuru yake kando ya korongo, nusu saa kwa gari. Alifua mishale kwa Wahadzabe na bangili za shaba kwa kina mama wa kwao. Tadei alimpa shikamoo yake, akaketi kwenye jiwe, akamwacha Loveness azungukezunguke na kipimo. Alitamani sana kipige kelele. Kingepiga kelele pale, kesi ingekwisha kabla ya saa sita.

Kipimo kilinyamaza. Loveness alikipitisha kwenye marundo ya vyuma, kwenye bangili, kwenye mikono ya mzee mwenyewe, iliyokuwa migumu na mizima. Akamtikisia Tadei kichwa.

Patriki alimfahamu, alisema mzee. Alikuja siku moja wakati wa masika, suruali imelowa hadi mapajani, akaomba spana kubwa. Akairudisha jioni ile ile, imefutwa.

"Alikuuzia nini?"

"Hakuniuzia kitu." Mzee Gidamis alivuta kiriba mara mbili, makaa yakawaka. "Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwambia, lile boksi la risasi linakaa bure, nipe nifanye kazi. Akanikatalia. Akasema si lake."

Tadei alimtazama. Mzee akaongeza kwamba Patriki siku ile alipita akielekea kwao, Nambis, kwa mguu, amevaa koti lake la kazi, lile la buluu, na mkono ameuweka hapa. Akajigusa kifuani, upande wa kushoto.

Inspekta aliandika yote. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa na mwizi aliyefunga mfuniko, aliyerudisha spana imefutwa, na aliyekataa kugawa risasi kwa sababu si yake. Angekuwa mkweli wa nafsi yake angesimama hapo akafikiri. Lakini alikuwa amekwisha kuandika neno *mtuhumiwa* juu ya ukurasa, na neno likishaandikwa na polisi ni gumu kufutika. Akaingia garini.

*

Nambis ni juu, kwenye baridi, na gari lilipanda kwa saa tatu. Mashamba ya mahindi na maharage, moshi unaotoka kwenye paa, ng'ombe wachache hapa na pale. Waliuliza njia mara mbili. Mara zote mbili waliowaelekeza waliwaelekeza kwa kidevu, bila kutaja jina la nyumba, wakaendelea na safari zao.

Kwenye kona ya mwisho walimkuta mzee amesimama na fimbo mbele ya matawi ya miti yaliyolazwa kukata njia. Alijitambulisha kwa jina la Hhando, kaka wa Patriki, yeye mkubwa. Tadei alimpa shikamoo, akamweleza wametoka wapi, na kutaka kupita.

"Hapo hampiti," alisema Mzee Hhando kwa upole. "Hiyo nyumba imetengwa."

Tadei hakuhitaji kuelezwa, maana yeye mwenyewe ni Mwiraqw wa Dongobesh. Loveness ndiye aliyeelezwa. Msiba ukiingia kwa namna isiyoeleweka, wazee huitenga nyumba mpaka ubaya upoe. Wenye nyumba hawaendi kwa watu, na watu hawaendi kwao. Hawachoti maji kisimani pamoja na wengine, ng'ombe wao hawachungwi na wa wengine, moto haupelekwi wala hauombwi. Siku hizi si wengi wanaoishika desturi hiyo, na katekista wa pale aliipinga. Lakini Patriki alikuwa amekufa akichunika ngozi bila moto. Siku kumi na tano baadaye akafa mwanawe mdogo, Emanuel, wa miaka minne, nywele zimemtoka kama za baba yake. Baada ya hapo hata katekista alinyamaza.

Walikuwa wamebaki wawili mle ndani, Genoveva mjane na binti yake Doris, wa miaka tisa. Majirani hawakuwatupa, alisema Mzee Hhando, na hapo sauti yake ilipanda kidogo, kwa sababu aliona uso wa Loveness. Kila siku chakula na maji vilifika kwenye haya matawi. Genoveva alikuwa hawezi kuamka tena, basi ni mtoto aliyekuja kuchukua. Walikubaliana awe na kengele. Akitoka nyumbani agonge, ili aliye njiani asogee pembeni, na asiiweke chini mpaka arudi ndani. Mtoto mtiifu sana. Hajapata kukosea hata siku moja.

Loveness alikuwa amegeuka anatazama kile kilima kidogo ambacho nyumba ilikuwa nyuma yake. Alimwambia Tadei kwa sauti ya chini kwamba wametengwa pamoja nacho. Kijiji kizima kimejiokoa, na hao wawili wamefungiwa nacho ndani, mchana na usiku, kwa mwezi mzima.

Tadei akamgeukia mzee na kuuliza kipolisi, moja kwa moja. Ndugu yake aliiba kitu cha kampuni. Kitu hicho ndicho kilichomuua, ndicho kilichomuua mtoto. Alikificha wapi?

Mzee Hhando alilisikia lile neno, aliiba, akaipiga fimbo yake chini, mtu mzima wa miaka sabini.

"Patriki hakuiba," alisema. "Ngoja."

Akatoa ndani ya lubega lake mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Ndani yake kulikuwa na daftari, jalada gumu, kamba bado imefungwa kwenye tundu la kona. Patriki alimpa siku tatu kabla ya kufa, amkabidhi mtu wa kampuni atakapokuja. Alimwambia asilifungue, ni la ofisi. Kwa hiyo hakulifungua.

Tadei alilifungua. Mistari ilikuwa ya miaka kumi na mbili, kila Jumatatu, kwa mwandiko ule ule wa mtu aliyeishia darasa la saba na kuuheshimu. *Nimekagua. Kufuli lipo. Mali ipo salama.* Jumatatu baada ya Jumatatu, Krismasi, Pasaka, hata wiki aliyooa. Karibu na mwisho mistari ilirefuka. *Maji yameingia. Nimempigia Meneja, simu haipatikani.* Kisha, *Maji yamefika kwenye kasha. Nimempigia Meneja mara tisa.* Na wa mwisho kabisa, wa tarehe kumi na nne mwezi wa nne, Tadei aliusoma kwa sauti kwa sababu aliona ni haki ya yule mzee kuusikia.

"Kasha ni zito siwezi kulibeba peke yangu. Nimetoa kilichomo ili kisiharibike. Nimekihifadhi nyumbani kwangu, kwenye mfuko wa koti la kazi, mpaka kampuni watakapokuja kukichukua. Mali ipo salama. Mimi mlinzi, Patriki."

Tadei aliona haya, haya ya kweli, inayopanda hadi masikioni. Alichukua kalamu, akalikata lile neno alilokuwa ameandika juu ya ukurasa wake, akalikata mara ya pili mpaka karatasi ikatoboka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nao hawakuwa na habari za koti la Patriki. Koti liko wapi sasa, alimuuliza mzee, na mzee akasema lile la buluu alikuwa akijifunikia Emanuel, tangu baba yake alipolazwa. Alimlilia baba yake, wakampa koti. Baada ya kumzika mtoto Genoveva alilichoma moto.

"Na kilichokuwa mfukoni?" aliuliza Loveness. "Chuma hakiungui."

Mzee hakujua. Loveness aliinua kipimo kuelekea kilimani ili aanze kupanga namna ya kuingia. Akakitazama, akakigonga kwa kiganja, akakitazama tena. Namba iliyokuwa imelala siku nzima ilikuwa imeamka. Ilipanda kidogo, ikatulia, ikapanda tena. Hakuwa amesogea hata hatua moja.

"Inspekta, mimi nimesimama," alisema. "Kitu ndicho kinachotembea."

Hapo ndipo walipoisikia kengele.

Ilikuwa bado mbali, nyuma ya kilima, mlio mwembamba na safi, safi kuliko wa kengele ya ng'ombe ya kawaida. Tadei aliisikiliza mara tatu, huku macho yake yako kwenye namba. Akamuuliza Mzee Hhando ile kengele ni ya nani. Ni yake yeye mzee, ya zamani, aliwapa siku walipoitenga nyumba. Ilikuwa nzima? Ilikuwa nzima, isipokuwa kile chuma cha ndani, cha kugonga, kilikuwa kimekatika siku nyingi. Aliwaambia watafute chochote cha kufungia.

Chenye tundu upande mmoja. Kisichoshika kutu. Tadei hakuyasema hayo kwa sauti, hayakuhitaji kusemwa. Loveness alikuwa amekwisha kukimbilia gari kufungua sanduku la risasi na kutoa koleo lenye mikono mirefu.

Mtoto alijitokeza juu ya kilima. Alikuwa na kitambaa cha kichwa kilichofungwa hadi kwenye nyusi na kindoo mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umezungushiwa tambara, na katika tambara hilo alikuwa ameishika kengele, akiigonga kila hatua mbili kama alivyofundishwa. Alipowaona watu alisimama, akaigonga kwa nguvu zaidi ili wasogee.

"Doris!" Tadei aliita. "Mwanangu, weka chini hiyo kengele. Iweke chini urudi nyuma."

Mtoto hakuiweka. Alisema shikamoo, maana Tadei ni mkubwa kwake, kisha akasema kwa adabu kwamba haruhusiwi. Baba mkubwa alisema asiiache.

Tadei alimgeukia mzee. Mzee Hhando alikuwa akiitazama ile kengele kwenye ule mkono. Alikuwa amekwisha kuelewa, sasa, yote, bila mtu kumfafanulia, na Tadei angetoa chochote asiuone uso ule. Aliita kwa Kiiraqw kwanza, akaachia katikati, akaanza upya kwa Kiswahili ili wageni nao wawe mashahidi.

"Doris. Mimi baba yako mkubwa ndiye niliyesema. Sasa nasema iweke."

Aliiweka taratibu, kwa mkono wote, kama kitu cha kuazima. Akarudi nyuma hatua tano, kumi, ishirini, kama Loveness alivyomwelekeza, akasimama kando ya mahindi. Loveness alivuka matawi, akatembea haraka, na kwa sekunde chache tu akakata kwa mkasi mrefu waya uliokifunga ndani ya kengele, akakiokota kichuma kwa koleo, akakidondosha kwenye sanduku na kulifunga. Kilikuwa kinang'aa kweli. Mtu yeyote angekipenda.

Mzee Hhando alikuwa tayari ameyaondoa matawi. Alipita katikati ya njia aliyoifunga mwenyewe, akamfikia mtoto, akamshika kichwani. Kitambaa kilisogea na chini yake hapakuwa na unywele. Akakirudisha. Akauliza bila kugeuka kama atapona.

Loveness alisema mtoto anatembea na anaongea, kwa hiyo lipo la kufanya, ila waondoke sasa hivi, yeye na mama yake, moja kwa moja hadi hospitali kubwa. Kuhusu mkono hakusema. Kuhusu mama alisema hajamwona bado. Tadei alipanda kwenda nyumbani kumbeba.

Genoveva alikuwa amelala karibu na zizi la ndani, mwepesi kama kuni kavu. Tadei alimweleza yeye ni nani. Yule mama alimuuliza swali moja tu, kama polisi wamekuja kwa sababu mume wake aliiba. Tadei alisema hakuiba, na kwamba ameliandika hilo. Mama akafumba macho. Hakumuuliza kichuma kilifikaje kwenye kengele, na Tadei, aliyejua kwamba ni mkono wa mama huyu uliokitoa kwenye koti kabla ya kulichoma, hakumwambia. Ipo siku angelazimika. Si siku ile.

Alipomfikisha garini, Doris alikuwa amekwisha kukalishwa kiti cha nyuma, mkono wake juu ya paja la baba yake mkubwa. Alikuwa akiitazama kengele iliyobaki njiani, tupu, imelala upande. Gari lilipowashwa aliligusa bega la Inspekta.

"Tunapita katikati ya kijiji?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akafikiri kidogo, uso wake una wasiwasi wa mtu mwenye kazi.

"Sasa watu watajuaje kwamba napita?"